Kuwasha, Kuunganisha au Kushikisha? Historia ya Kitenzi Kimoja cha Trekta

Utangulizi

Kazi ya kusanifisha istilahi mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kazi ya majina. Mtambo mpya uingiapo nchini, wafasiri hukaa pamoja wakaulizana chombo hiki kiitweje, na sehemu zake ziitweje. Vitenzi husahauliwa, kwa imani kwamba jina likishapatikana kitenzi kitajileta chenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano mmoja kutoka katika zana za kilimo, kwamba kitenzi kikikosewa hasara yake yaweza kupita hasara ya jina. Jina humwelekeza mtu kwenye chombo. Kitenzi ndicho kinachouamuru mkono wake.

Mfano wenyewe ni huu. Nyuma ya trekta, chini ya kiti cha dereva, hutokeza kipande kifupi cha chuma chenye meno, ambacho huzungushwa na injini. Hapo ndipo hufungwa shafti ndefu ipelekayo mzunguko huo kwenye mashine ya kufyekea majani, ya kupukuchulia mahindi, au pampu ya maji. Dereva anapoupeleka mzunguko huo kwenye mashine kwa ghafla, trekta hutikisika, shafti hugonga, na pengine kitu huvunjika. Mafundi wanaijua adha hiyo tangu zamani. Swali linalotuhusu sisi wa lugha ni hili: kitendo hicho cha kuupeleka mzunguko kinaitwaje kwa Kiswahili, na je, neno tunalompa dereva linamsaidia kukifanya vizuri au linamponza?

Jina la chombo

Tuanze na jina, japo kwa ufupi. Kwa Kiingereza chombo hiki hujulikana kwa herufi tatu, P.T.O., ambazo maana yake ni mahali pa kuchukulia nguvu kutoka kwenye injini. Tafsiri ya neno kwa neno haifai. Tukisema "kuondoa nguvu", msomaji ataelewa kwamba trekta linadhoofishwa, na hiyo ni kinyume cha maana inayotakiwa. Tukisema "kutwaa nguvu", tumeingia katika lugha ya mapinduzi na vita.

Herufi hizo zikitamkwa na kinywa cha Mswahili hutoka "pitio". Kwa bahati njema umbo hilo si geni katika lugha yetu. Tuna kitenzi pita, tuna mapito na mapitio, na chombo hiki ndipo hasa nguvu ya injini inapopitia kwenda kwenye mashine nyingine. Kwa hiyo katika makala haya nitatumia "pitio la nguvu". Ni nadra mkopo na mzizi wa lugha kukutana mlango mmoja namna hii, na yafaa bahati hiyo itumike.

Kabla ya pitio la nguvu

Pwani ya Kilwa na Lindi haikungoja trekta ili ijifunze lugha ya mitambo. Neno usukani, ambalo leo kila dereva hulitumia, lilikuwa la jahazi kabla halijawa la motokaa. Roda na kapi, zilizopitishiwa kamba za tanga, hazikumpa taabu fundi alipokutana na magurudumu ya mkanda. Mabaharia walikwisha kuwa na msamiati wa kugeuza, kukaza, kulegeza na kupandisha, na msamiati huo ulihama nchi kavu bila mkutano wala waraka.

Mashamba ya mkonge ya ukanda huu, yaliyoanza wakati wa Wajerumani, yalileta mitambo ya kusaga majani ya mkonge. Jina la biashara la mtambo mmoja, Corona, likageuka kuwa neno la kawaida: korona. Baadaye zikaja mashine za kusaga unga. Mitambo ya namna hiyo iliendeshwa kwa mkanda, na mkanda una tabia moja njema: unapoanza kuvuta mzigo mzito, huteleza kidogo kwanza. Mzigo huanza polepole, kisha kasi zikalingana. Hakuna aliyelazimika kutafuta jina la utelezi huo, kwa sababu mkanda wenyewe uliufanya.

Kuzaliwa kwa pitio la nguvu

Katika mashamba ya Ulaya na Marekani ya mwanzo wa karne ya 20, mashine za kuvuna zilizovutwa na farasi zilipata mzunguko wake kutoka kwenye gurudumu lao lenyewe lililokuwa likibingirika ardhini. Ardhi ikilowa, gurudumu hilo liliteleza na visu vikasimama. Mfaransa Albert Gougis alikuwa miongoni mwa waliojaribu kuondoa udhia huo kwa kuipelekea mashine ya kuvunia nguvu ya injini ya trekta moja kwa moja kwa njia ya shafti. Mwaka 1918 kampuni ya International Harvester ya Marekani ilianza kuuza matrekta yenye pitio la nguvu. Katika miaka ya 1920 chama cha wahandisi wa kilimo cha Marekani kilisanifisha kipimo cha meno na kasi ya shafti, ili mashine ya kiwanda kimoja iweze kufungwa kwenye trekta la kiwanda kingine. Kasi iliyoenea ni mizunguko 540 kwa dakika. Baadaye ikaongezwa ya mizunguko 1,000 kwa mashine kubwa zaidi.

Msomaji wa jarida hili ataona kwamba wahandisi hao walikuwa wakifanya kazi ya jamaa na yetu. Walisanifisha meno ya chuma kama sisi tunavyosanifisha maneno, na kwa sababu ile ile: watu wasiojuana waweze kufanya kazi pamoja.

Lakini shafti iliua kile kilichofanywa na mkanda. Shafti haitelezi. Injini ikizunguka na klachi ikashika, mashine nayo sharti izunguke papo hapo. Mashine nzito ina tabia ya kugoma kuanza, na ikishaanza hugoma kusimama. Basi penye ugomvi kati ya injini inayokimbia na mashine iliyotulia, kitu kimojawapo hakina budi kulegea: ama klachi iteleze, ama injini izimike, ama chuma kikatike.

Kusini: kutoka Nachingwea hadi Kitomanga

Katika sehemu kubwa ya kusini-mashariki ya Tanzania, mbung'o waliufanya ufugaji wa ng'ombe kuwa mgumu, hivyo plau ya ng'ombe haikuenea kama ilivyoenea Usukumani. Wakulima wengi walitoka kwenye jembe la mkono wakakutana na trekta bila daraja la katikati. Jambo hili lina maana katika lugha pia. Mahali palipokuwa na plau ya ng'ombe, watu walikuwa na maneno ya kufunga zana, kuivuta na kuifungua. Huku kusini maneno hayo yalifika pamoja na injini.

Matrekta yalifika kwa wingi na kwa kishindo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukikusudia kulima zaidi ya eka milioni 3. Yaliletwa matrekta yaliyokwisha kutumika vitani, na mengine yaliyoundwa kwa sehemu za vifaru vya Sherman. Zilijengwa reli na bandari ya Mtwara. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ulitangazwa kuwa umeshindwa, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Sababu zilikuwa nyingi: mvua, udongo, visiki, na haraka. Chuma kilichoundwa kwa kazi nyingine kiliingizwa kwa ghafla katika ardhi isiyojulikana. Twaweza kusema bila kejeli kwamba mpango mzima ulikuwa mfano wa nguvu kubwa iliyotiwa kazini pasipo utelezi wa mwanzo.

Baada ya Uhuru mawimbi mengine yalifuata. Mwaka 1972 TANU ilitoa tamko la Siasa ni Kilimo huko Iringa. Katika miaka ya 1980 matrekta ya Valmet kutoka Finland yaliunganishwa Kibaha. Mwaka 2009 likaja azimio la Kilimo Kwanza, na baada yake matrekta kutoka India. Kisha Ursus ya Poland, nayo yakaunganishwa Kibaha. Kwa kawaida kitabu cha maelekezo kilichofuatana na trekta hakikuandikwa kwa Kiswahili, na fundi au bwana shamba ndiye aliyekuwa mfasiri.

Tuchukue Kitomanga, kata iliyo kaskazini ya mji wa Lindi katika barabara ya kwenda Kilwa. Ni nchi ya korosho, ufuta, muhogo na nazi. Katika nchi kama hiyo kazi kubwa ya trekta ni kulima na kuvuta tela, na kazi zote mbili hazihitaji pitio la nguvu. Pitio hutumika kwa vipindi: kufyeka majani chini ya mikorosho baada ya mvua, au kupukuchua mahindi. Miezi iliyobaki mashine ya kufyekea hukaa katika hewa yenye chumvi. Sahani za klachi yake ya kinga, ambazo zimewekwa ili ziteleze mzigo ukizidi, hupata kutu na kugandamana. Msimu ukifika, dereva huvuta wenzo, na chombo kilichoundwa kuteleza hakitelezi tena. Kishindo chote hupokewa na gia.

Mguu, mkono na mafuta

Historia ya pitio la nguvu tangu hapo ni historia ya jitihada za kukirefusha kitambo kifupi: kitambo kilicho kati ya kutulia na kuzunguka.

Katika matrekta ya kwanza klachi ilikuwa moja kwa magurudumu na kwa pitio. Dereva akikanyaga klachi, trekta na mashine vilikatiwa nguvu pamoja. Mashine nzito iliyokuwa ikizunguka iliendelea kwa nguvu zake yenyewe na kulisukuma trekta mbele hata baada ya klachi kukanyagwa. Ndipo ikabuniwa klachi ya upande mmoja, inayoruhusu nguvu iende kwenye mashine lakini isirudi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya Cockshutt ya Kanada iliuza trekta la Model 30 lenye klachi ya pekee kwa ajili ya pitio. Katika miaka ya 1950 na 1960 ikaenea klachi ya hatua mbili, iliyotumika katika aina kadhaa za Massey Ferguson 35 na 135, matrekta yaliyojulikana sana Afrika Mashariki. Pedali ikikanyagwa nusu, magurudumu husimama; ikikanyagwa hadi chini, pitio nalo husimama. Ikiachiliwa, pitio hushika kwanza, kisha magurudumu. Hapa mguu wa dereva ulikuwa ndio mwalimu. Aliyeuinua mguu wake taratibu aliisikia klachi ikianza kushika, akaingoja, akaendelea.

Kisha zikaja klachi za sahani nyingi zinazokaa ndani ya mafuta na kubanwa kwa msukumo wa mafuta. Dereva huvuta wenzo mdogo au hubonyeza kitufe. Kazi ikawa nyepesi, lakini mguu ukapoteza habari zake. Kitufe hakina nusu. Mafuta yakiingia kwa msukumo kamili mara moja, klachi hushika kwa kishindo, hata dereva awe mpole kiasi gani. Wahandisi walilazimika kuufundisha mtambo kile ambacho mguu ulikuwa ukikijua: wakaweka vali zinazoruhusu msukumo upande kidogo kidogo, na katika matrekta ya karibuni zaidi kompyuta huulinganisha msukumo huo na mwendo wa shafti.

Kitenzi na hatari yake

Sasa turudi kwenye lugha. Kitabu cha Kiingereza hutumia vitenzi viwili tofauti: kimoja kwa kuifunga shafti kwenye trekta, kingine kwa kuipa shafti mzunguko. Mfasiri mwenye haraka huviona vyote viwili kuwa ni "kuunganisha". Lakini kuunganisha kumekwisha kulemewa. Kiwandani ni kuunda trekta kwa vipande vyake. Kwa fundi wa umeme ni kupeleka nyaya. Kwa mkulima ni kufunga tela. Kikitumika kwa vitendo vyote viwili vya shafti, maelekezo yatasema: "Unganisha shafti, kisha uiunganishe." Msomaji atadhani ni kosa la mpiga chapa. Kibaya zaidi, agizo "Unganisha shafti wakati injini inanguruma polepole", ambalo ni sahihi kwa kitendo cha pili, ni hukumu ya kifo kwa kitendo cha kwanza.

Hili si suala la maneno matupu. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde. Shafti yenye mzingo wa sentimeta 22 ikinasa pindo la shuka au kanga, huvuta karibu mita 2 za nguo kwa sekunde moja. Hakuna mtu awezaye kujinasua kwa muda huo. Ndiyo maana shafti haina budi kuwa na kinga, na kufungwa kwake hakuna budi kufanywa injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa.

Kitenzi cha pili kinachotumika ni "kuwasha". Hiki hakileti hatari ile ya kwanza, na watu hukipenda kwa wepesi wake. Kasoro yake ni nyingine. Taa huwashwa ama huzimwa. Hapana hali ya tatu. Anayeambiwa "washa" atavuta wenzo kama avutavyo swichi, na tumeona kwamba usalama wa chombo umo katika ile hali ya tatu, pale klachi inaposhika huku bado inateleza. Neno washa limekiondoa kitambo ambacho wahandisi wamefanya kazi kwa miongo mingi kukirefusha.

Dawa tunayo karibu. Mafundi husema klachi inashika, klachi inateleza, klachi haiachii. Kushika si kitendo cha mara moja tu. Mtu hushika kidogo, hushika sana, huanza kushika. Kutokana na kitenzi hicho, kwa kauli ya kutendesha, tunapata kushikisha. Neno hilo halihitaji kuundwa. Limo tayari katika usemi wa kushikishwa adabu, ambao nao hauwi kwa mara moja.

Istilahi zinazopendekezwa

Kwa kufuata desturi ya Baraza, ambayo huanza kutafuta neno ndani ya Kiswahili chenyewe kabla ya kwenda kwingineko, napendekeza yafuatayo yajadiliwe na wasomaji:

1. Pitio la nguvu: sehemu ya trekta inayotoa mzunguko wa injini kwa ajili ya mashine nyingine.
2. Kufunga na kufungua shafti: kuipachika au kuiondoa kwa mikono, injini ikiwa imezimwa.
3. Kushikisha na kuachisha pitio: kulipa mzunguko au kulikatia mzunguko kwa wenzo, pedali au kitufe, injini ikiwa inafanya kazi na watu wakiwa mbali.
4. Mshiko wa taratibu: kushika ambako huanza kwa kuteleza na kuishia kwa kasi kulingana.
5. Mshiko wa kishindo: kushika kwa ghafla kunakotikisa trekta na kuumiza gia.
6. Klachi ya kinga: klachi iliyo kwenye shafti ya mashine, inayoteleza mzigo ukizidi.
7. Bolti ya kukatika: bolti laini iliyowekwa makusudi ili ikatike kabla ya gia kuvunjika.

Kuhusu istilahi ya mwisho, wapo watakaopenda "bolti kafara", na kwa kweli neno hilo lina nguvu, kwani bolti hiyo hutolewa ili kiokoke kilicho kikubwa kuliko hiyo. Hata hivyo naona "kukatika" kunafaa zaidi kijijini, kwa kuwa kunamwambia mkulima wazi kwamba asiweke mahali pake bolti ngumu isiyokatika.

Kwa istilahi hizo, maelekezo ya kuepuka mshiko wa kishindo yaweza kuandikwa kwa Kiswahili chepesi namna hii. Kabla ya msimu, legeza springi za klachi ya kinga, uiache iteleze kwa muda mfupi ili kutu itoke, kisha uzikaze kwa kipimo cha mtengenezaji. Zima injini kabla ya kufunga shafti. Paka grisi kwenye meno na viungo vyake, na uhakikishe kwamba shafti haikupinda mno. Washa injini, uiache ipate joto, uipunguze kasi, kisha ushikishe pitio. Ngoja mashine izunguke sawasawa ndipo uongeze kasi hadi mizunguko inayotakiwa. Ikiwa mshiko ni wa kishindo hata baada ya hayo, mwite fundi apime msukumo wa mafuta na vali zake, usiendelee na kazi.

Msomaji ataona kwamba katika aya hiyo kila kitenzi kina kazi moja tu. Kuwasha kumebaki kwa injini, kufunga kumebaki kwa mikono, kushikisha kumebaki kwa klachi.

Hitimisho

Tangu mwaka 1974 Baraza limekuwa likitoa orodha za Tafsiri Sanifu, na wafasiri na walimu wamefaidika nazo sana. Yafaa orodha za namna hiyo zijazo, hasa za ufundi, zioanishe kila jina la chombo na vitenzi vyake, na vitenzi hivyo vijaribiwe kwa kuviandika katika agizo kamili na kumpa mtu wa kazi alisome. Bwana shamba wa Kitomanga akiligeuza agizo hilo kwa vitendo vile vile alivyovikusudia mwandishi, istilahi imefaulu. Akisita, au mkono wake ukienda kwenye shafti badala ya wenzo, istilahi haijafaulu, hata kama imekwisha kupitishwa katika kikao.